Petroli ya Kawaida na Petroli Bora: Historia ya Majina Yaliyopotosha

Nungwi ni mji wa wavuvi na waunda vyombo, katika ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Unguja. Vyombo bado huundwa pale ufukoni kwa mbao na misumari, lakini vingi vyao siku hizi havingoji kusi wala kaskazi. Vina mashine nyuma, na mashine zahitaji petroli, ambayo huteremshwa pwani kwa madumu. Huko ndiko nahodha mmoja alikotuletea kijitabu cha mashine yake mpya, kilichoandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya soko la Marekani, akatuomba tumsomee mahali palipotaja mafuta. Kijitabu kilisema itiwe petroli ya kawaida ya namba 87. “Maalim,” akasema, “hii ya kwetu nimeambiwa ni 91 na zaidi. Si kali mno kwa mashine yangu?” Mwanawe, aliyekuwa akisikiliza, alikuwa na rai nyingine: maadamu namba ya kwetu ni kubwa, petroli yetu ni bora kuliko ya Wamarekani, na baba yake hana budi kushukuru. Wote wawili walikuwa wamekosea, na kosa halikuwa lao. Lilikuwa la majina.

Yafaa basi tuyatazame majina hayo tangu asili yake, kwa kuwa wafasiri na watumishi wa serikali hukutana nayo kila siku katika vijitabu, zabuni na matangazo ya bei.

Biashara ya mafuta ilizoea tangu zamani kuacha majina yake katika lugha za watu. Neno ‘petrol’ lenyewe lilianza kuuziwa mafuta ya magari huko Uingereza katika miaka ya 1890, likiwa jina la bidhaa ya kampuni moja ya London. Baadaye likawa mali ya kila mtu, likatufikia sisi nalo tukalivika irabu ya mwisho. Vivyo hivyo jina la kampuni ya Shell limekuwa ‘sheli’, yaani kituo chochote cha mafuta, hata kile kilichojengwa na mshindani wake. Hata debe, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa kipimo cha nafaka sokoni, ni bati lililoletwa na mafuta ya taa. Maneno hayo hayajamdhuru mtu. Yataja kitu, wala hayatoi hukumu juu ya ubora wake.

Majina ya madaraja ya petroli ni habari nyingine. Mtambo wa TIPER wa kusafishia mafuta ulianza kazi Kigamboni, Dar es Salaam, mwaka 1966, na mwaka uliofuata Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria. Enzi hizo petroli iliuzwa kwa madaraja mawili, na waliokuwa wakiendesha magari waliyaita ‘regula’ na ‘supa’. Mfasiri aliyetaka Kiswahili safi aliandika ‘ya kawaida’ na ‘bora’. Kwa ‘regular’ hakukosea sana. Kwa ‘premium’ alikuwa na kazi ngumu: asili ya neno hilo ni Kilatini, lenye maana ya tuzo au thawabu, na kwa Kiingereza lina maana nyingi, mojawapo ikiwa malipo ya bima. Kati ya maana hizo zote, akachukua ile ambayo muuzaji angependa aichukue.

Kwani kinachotenganisha madaraja hayo ni nini? Ndani ya injini, petroli iliyochanganyika na hewa hubanwa kwa nguvu, kisha cheche huiwasha. Ikibanwa kupita uwezo wake, sehemu ya mchanganyiko hujiwasha yenyewe kabla ya moto wa cheche kuifikia, na hapo ndipo mafundi husema injini ‘inagonga’. Petroli inayostahimili kubanwa bila ya kugonga ina namba kubwa ya oktani. Kipimo hiki kilipendekezwa na mkemia Graham Edgar wa Marekani mwaka 1926: aina moja ya oktani isiyogonga kwa urahisi ilipewa 100, na heptani, ambayo hugonga upesi, ikapewa 0. Basi namba hiyo haipimi nguvu, wala usafi, wala ukali. Injini iliyotengenezwa kwa 91 haipati faida ya maana kwa kutiwa 95. Ile inayodai 95 yaweza kuumia ikitiwa 91 na kufanyishwa kazi nzito. Mwenye gari anayelipa zaidi kwa kuwa neno ‘bora’ limeandikwa, ilhali injini yake haikudai, amenunua neno.

Hapa tuwaombe radhi walimu wa kemia. Wengi husema na kuandika ‘okteni’, kwa kufuata matamshi ya Kiingereza. Lakini maadamu twasema ‘methani’ kwa gesi moja na ‘etheni’ kwa nyingine ya ukoo tofauti, ‘okteni’ haina budi kuachiwa ile yenye kifungo maradufu cha kaboni, na hii ya petroli iwe ‘oktani’. Mwanafunzi atakayefundishwa ‘okteni’ kwenye kituo cha mafuta atakuja kulia katika chumba cha mtihani.

Liko jambo zito zaidi ya fedha. Mwaka 1921 Thomas Midgley wa kampuni ya General Motors aligundua kuwa mchanganyiko wenye madini ya risasi, ukitiwa kidogo tu katika petroli, huzuia injini kugonga. Mwaka 1923 petroli hiyo ikaanza kuuzwa huko Dayton, Ohio, kwa jina la Ethyl. Jina lilichaguliwa likaacha nje neno la risasi, ijapokuwa sumu ya risasi ilikuwa imejulikana tangu kale. Mwezi wa Oktoba 1924 wafanyakazi watano walikufa kwa sumu hiyo katika mtambo mmoja wa New Jersey. Hata hivyo biashara ikaendelea, na kwa muda wa miaka hamsini na zaidi risasi ikawa njia rahisi ya kuipandisha petroli daraja. Wakati huo wote, katika nchi nyingi, ‘bora’ ilikuwa na maana ya petroli iliyotiwa sumu inayodhuru akili za watoto. Hatujui mfano mwingine katika istilahi za ufundi ambamo sifa imekwenda mbali hivi na kitu chake.

Nchi za Afrika kusini ya Sahara zilikubaliana huko Dakar mwezi wa Juni 2001 kuiondoa risasi katika petroli, na hadi mwisho wa mwaka 2005 zikawa zimekwisha kuiondoa. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani kuacha kuiuza, mwaka 2021. Kwetu badiliko hilo lilileta maneno ‘petroli isiyo na risasi’, ambayo ni sahihi kabisa, ila kwa asiyesoma kemia yalisikika kama habari za bunduki. Kwa Kiarabu neno hili ni la madini. Kwetu watu wengi wamelizoea kwa kile kinachotoka katika mtutu. Katika maandishi ya umma sisi tungeandika ‘isiyo na madini ya risasi’, japo ni refu.

Wenzetu walitatuaje? Nchini Japani, zinakotoka gari nyingi zilizotumika zinazoteremshwa bandarini Unguja, petroli ya daraja la juu huitwa ‘haioku’, kifupi cha ‘oktani ya juu’: jina linalotaja kipimo chenyewe. Kawaida yao ni oktani 89 au zaidi, na haioku ni 96 au zaidi. Nchini Oman, waliko ndugu wengi wenye asili ya Unguja, bei hutangazwa kila mwezi kwa majina M91 na M95, na mtu husoma namba katika kijitabu cha gari lake, akaitafuta ile ile kwenye pampu. Huu ndio utaratibu tunaoupendelea: ‘petroli ya oktani 91’, ‘petroli ya oktani 95’, bila ya sifa.

Hata namba ina mtego wake, nao ndio uliomnasa nahodha wetu. Namba ya oktani hupimwa kwa njia mbili: ya utafiti, ambayo ni nyepesi na hutoa namba kubwa, na ya mota, ambayo ni kali na hutoa namba ndogo. Sehemu kubwa ya dunia, nasi tukiwamo, huandika ile ya utafiti. Marekani huandika wastani wa zote mbili. Kwa hiyo 87 ya Marekani ni takriban 91 ya kwetu, petroli ile ile kwa jina jingine. Mfasiri wa kijitabu kama kile asiihamishe namba peke yake. Aandike ‘oktani 87 kwa kipimo cha Marekani, sawa na takriban 91 kwa kipimo cha utafiti’. Mstari utakuwa mrefu, lakini msomaji hatahitaji kumwita mtu.

Nahodha tulimweleza hayo kwa maneno machache kuliko haya. Akataka kujua kama oili ya kuchanganyia nayo ina namba za namna hiyo, na kwa nini yote, ya kuwasha, ya kulainisha na ya kupikia, yaitwe ‘mafuta’. Swali hilo la pili tumeliweka kwa toleo jingine.