Mdahalo wa Urais Humfikia Nani?

Ndugu msomaji, wahenga walinena kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Lakini mwenye macho asiye na umeme nyumbani atautazamaje mdahalo wa wagombea urais? Sisi wakazi wa Koboko tuna sababu ya kuliuliza swali hili.

Desturi ya kuwakutanisha wagombea mbele ya kamera ilipata umaarufu tarehe 26 Septemba 1960, John F. Kennedy na Richard Nixon walipojibizana mjini Chicago. Kwa jirani zetu wa Kenya, wagombea wote 8 wa urais walisimama jukwaani jijini Nairobi tarehe 11 Februari 2013. Zamu ya Uganda ilifika tarehe 15 Januari 2016, katika hoteli ya Serena, Kampala. Rais Museveni hakuhudhuria siku hiyo, bali alihudhuria mdahalo wa pili tarehe 13 Februari, siku 5 kabla ya kura kupigwa.

Magazeti yaliandika sana juu ya nani alikuja na nani hakuja. Ni wachache waliouliza nani alisikia. Mwaka ule, West Nile ilikuwa bado haijaunganishwa na gridi ya taifa ya umeme. Katika vijiji vingi, tegemeo lilikuwa redio ya betri. Na hata aliyeinasa sauti alikutana na kizuizi cha pili, yaani lugha. Midahalo iliendeshwa kwa Kiingereza, ilhali sokoni kwetu watu hujadiliana kwa Kikakwa, Kilugbara, Kinubi na Kiswahili. Kiswahili chenyewe kilifanywa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005!

Zaidi ya hayo, kusikia pekee hakutoshi. Kuanzia mwaka 2000, Kampala ilikuwa na bimeeza, mijadala ya hadhara iliyorushwa redioni, ambamo raia wa kawaida alishika kipaza sauti na kutoa hoja yake. Serikali iliipiga marufuku mwaka 2009, baada ya ghasia za Septemba. Midahalo ya Serena ilipokuja, raia alibaki mtazamaji.

Ibara ya 67 ya Katiba yetu humpa kila mgombea urais muda sawa katika vyombo vya habari vya taifa, ili aeleze sera zake kwa wananchi. Zingatia neno hilo la mwisho. Haki ya mgombea kusema haina maana ikiwa mwananchi hamwelewi.

Basi, msomaji wangu, usingoje Kampala. Wagombea ubunge wajapo kwenu, waombeni wajibizane uwanjani, kwa lugha ya wenyeji, na maswali yatoke kwenu. Kura ni siri; hoja za anayeiomba hazipaswi kuwa siri.