Mzee aliyevunjika nyonga akianza kuweweseka, maumivu yatazamwe kwanza

MZEE anaamka alfajiri kwenda kuchukua udhu, anateleza kwenye sakafu yenye maji, anaangukia ubavu na hawezi kunyanyuka tena. Mguu mmoja unaonekana mfupi kuliko mwenzake, na wayo umegeukia nje. Hizo ndizo dalili za kuvunjika nyonga, yaani sehemu ya juu ya mfupa wa paja. Ajali hii huwapata zaidi wazee, hasa wanawake, ambao mifupa yao imedhoofika kwa umri.

Kwa mkazi wa Bagamoyo, Kaole, Zinga au Kerege, safari ya matibabu huwa ndefu. Wapo wanaoanzia kwa waunga mifupa wa jadi, ambako hukandwa na kufungwa vijiti. Wengine hufikishwa Hospitali ya Wilaya ya Bagamoyo, kisha hupewa rufaa ya kwenda Tumbi, Kibaha, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam. Katika hekaheka hizo ndugu huulizia gari, gharama na siku ya upasuaji, lakini maumivu ya mgonjwa husahaulika.

Si jini wala uzee

Siku ya pili au ya tatu, mzee aliyekuwa na akili timamu huanza kuweweseka. Huwaita waliokwisha kufariki, hung'oa mpira wa dripu, na humsahau hata mwanawe. Hali hiyo hupanda na kushuka, na mara nyingi huzidi usiku. Wengine hawapigi kelele, bali hunyamaza, husinzia kutwa na kukataa chakula. Hao ndio wasiotambuliwa upesi, kwani hudhaniwa kuwa wamepumzika.

Wapo watakaosema amepandwa na jini, na wengine watasema ni uzee. Kitaalamu, huo ni ubongo ulioelemewa na maradhi ya mwili. Ugonjwa wa kusahau wa uzeeni huja polepole kwa miezi na miaka, lakini hali hii huanza ndani ya saa au siku chache. Visababishi vyake ni pamoja na maumivu makali, upungufu wa maji, homa ya mapafu, malaria, kuziba kwa mkojo au choo, na baadhi ya dawa.

Utafiti wa Dk. R. Sean Morrison na wenzake, uliochapishwa Marekani mwaka 2003, ulionyesha kuwa wagonjwa wa nyonga wenye akili timamu ambao maumivu yao hayakutulizwa ipasavyo walikuwa na hatari ya kuchanganyikiwa mara tisa zaidi ya wenzao. Utafiti mwingine wa nchi hiyo, wa mwaka 2001, ulionyesha kuwa uangalizi wa daktari bingwa wa wazee ulipunguza tatizo hilo kutoka asilimia 50 ya wagonjwa hadi asilimia 32.

Dawa zipi?

Msingi ni parasetamo inayotolewa kwa saa maalumu, bila kusubiri mgonjwa alie. Penye mtaalamu, sindano ya ganzi karibu na kinena hutuliza maumivu kwa saa kadhaa na kupunguza haja ya dawa kali. Mofini kwa dozi ndogo, chini ya uangalizi wa pumzi na pamoja na dawa ya kulainisha choo, haipaswi kuogopwa. Kinachohitaji tahadhari ni pethidini na dawa za usingizi kama diazepamu, ambazo zaweza kuchochea kuchanganyikiwa, na diklofenaki, ambayo huweza kudhuru figo na tumbo la mzee. Ndugu wasimpe dawa za dukani bila kumwarifu daktari.

Upasuaji nao ni tiba ya maumivu. Miongozo ya kimataifa hushauri ufanyike ndani ya siku moja au mbili, hali ya mgonjwa ikiruhusu. Ukiahirishwa, ndugu waulize iwapo anaweza kula na kunywa, ili asishinde na njaa na kiu bure.

Kazi ya ndugu

Wazee wengi wakiulizwa hali hujibu "alhamdulillahi" hata wakiwa taabani. Basi aulizwe anapogeuzwa kitandani, na uso wake utazamwe. Apelekewe miwani yake, na kifaa cha kusikia kama anacho. Kila anayeingia ajitaje jina, amwambie ni siku gani na yuko wapi. Apewe maji mara kwa mara anaporuhusiwa, akae kwenye mwanga mchana na aachwe alale usiku. Baada ya upasuaji asaidiwe kukaa na kusimama mapema, na mpira wa mkojo uondolewe mara usipohitajika.

Asifungwe kamba kitandani, wala asikemewe. Na anapoanza kusema yasiyoeleweka, au kunyamaza kusiko kwa kawaida yake, muuguzi aarifiwe saa ileile. Ndugu anayemjua mzee huyo ndiye awezaye kutambua mapema kwamba amebadilika.