Jaribio la Tovuti Isiyokamilika: Historia na Jina Lake

Mwenye kujenga tovuti aghalabu huona haya kuionyesha ikiwa nusu, mithili ya fundi asiyetaka mgeni aingie nyumba isiyoezekwa. Lakini wakati huo ndio ufaao, kwa kuwa kosa lililo karatasini hurekebishwa kwa kalamu.

Mwaka 1982 Clayton Lewis, mtafiti wa kampuni ya IBM nchini Marekani, alieleza njia ya kumpa mtumiaji kazi maalumu na kumtaka aseme kwa sauti kila awazalo anapoifanya. Mtazamaji hafundishi, huandika tu pale mtu anaposita. Mwaka 1994 Jakob Nielsen na Darrell Sano walifuata njia hiyo katika kampuni ya Sun Microsystems, walipobuni tovuti ya ndani ya wafanyakazi. Kwanza waliwapa watumiaji kadi zenye majina ya habari wazipange mafungu kwa jinsi walivyoona wenyewe. Kisha wakawaonyesha alama zisizo na maandishi, waseme zina maana gani. Mwisho wakawapitisha katika kurasa zilizochapwa karatasini.

Juu ya idadi ya watu pana ubishi. Mwaka 2000 Nielsen aliandika kuwa watu 5 hufichua takriban asilimia 85 ya kasoro, akashauri kwamba watu 15 wagawanywe katika majaribio matatu, na marekebisho yafanywe katikati. Mwaka 2001 Jared Spool na Will Schroeder waliripoti kuwa katika tovuti za biashara walizozichunguza, watu 5 wa kwanza walifichua asilimia 35 tu. Kwa maoni yetu, ushauri wa kurudia una uzito kuliko hesabu yenyewe.

Sasa jina. Mfasiri aweza kushawishika kuandika “mtihani wa watumiaji”. Neno hilo lapotosha, maana mtihani hufaulu au hushindwa mtu, na karani akiliona barua itamtia hofu, afiche palipomtatiza. Kinachopimwa ni tovuti. Twapendekeza “jaribio la utumikaji”, kutokana na kauli ya kutendeka. Kweli, “kutumika” huweza pia kuwa kumfanyia bwana kazi. Hatuoni ubaya, tovuti ikihesabiwa mtumishi.

Istilahi hii nayo ni rasimu. Wasomaji waitumie mbele ya wasiowahi kuisikia, wasiwaeleze maana yake, kisha watuandikie walivyoielewa.