Kaya Kinondo na Hesabu ya Kudumu kwa Misitu

Kaya Kinondo, msitu wa Wadigo wenye hekta zipatazo 30 kando ya bahari kusini mwa Diani, Kwale, ni mojawapo ya kaya za Mijikenda, yaani makazi yenye ngome yaliyofichwa msituni, ambayo wakazi walipohamia mashambani yalibaki mikononi mwa wazee kuwa mahali pa tambiko na maziko. Miiko ya kutokata mti wala kutoa kitu ndani yake ndiyo iliyoulinda msitu huo kwa vizazi vingi.

Ulinzi huo ulitikiswa pale sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilipowataka wenye madai katika mwambao wayathibitishe, na ardhi isiyothibitishwa ikawa mali ya serikali ya kikoloni. Utalii ulipokua, viwanja vya pwani vilipanda thamani, hata hoteli ikajengwa katika kisiwa cha Chale, ambacho nacho ni kaya. Kaya Kinondo ilipata kinga ya kisheria mwaka 1992 ilipotangazwa kuwa turathi ya taifa, na mwaka 2008 ikaingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO pamoja na kaya nyingine.

Kwa nini kaya moja ilidumu na nyingine ikafyekwa? Swali hili linaangukia katika uchanganuzi wa muda wa kudumu, tawi la takwimu linalopima muda unaopita hadi tukio fulani litokee, na linalozingatia kwamba msitu ambao bado upo haujakamilisha muda wake. Mwaka 1972 Mwingereza David Cox alitoa modeli inayohusisha kasi ya hatari, yaani kasi ya tukio kutokea, na vigezo vyake, ambavyo kwa kaya vingekuwa ukubwa wa msitu, umbali wake kutoka barabarani na nguvu ya baraza la wazee.

Ugumu ni kwamba vigezo hivyo vinajulikana nusunusu, kwa kuwa kaya zilizosalia zimepimwa na wataalamu wa mimea, ilhali zilizofyekwa zamani huenda zimeacha jina tu. Mtafiti akizitupa zote zenye mapengo, atabaki na zilizonusurika, na hesabu yake itazionyesha kaya kuwa imara kuliko zilivyokuwa. Mwaka 1976 mwanatakwimu Donald Rubin alitenganisha mapengo ya bahati tupu, mapengo yanayoelezeka kwa taarifa zilizopo, na mapengo yanayotokana na thamani yenyewe isiyojulikana. Aina ya pili hutibiwa kwa kujaza kila pengo mara nyingi kwa thamani zinazowezekana, kisha kuyaunganisha matokeo ili kiasi cha shaka kionekane; na katika ujazaji huo muda wa kudumu na hali ya msitu, yaani kama umesalia au umefyekwa, havina budi kutumika, la sivyo athari ya kigezo itafifia. Aina ya tatu haitibiwi na hesabu peke yake, bali hudai dhana zilizo wazi na ushahidi wa nje.

Ushahidi huo wanao wazee wanaokumbuka malango na mipaka ya kaya zilizotoweka. Kumbukumbu zao ziandikwe sasa, tena zianzie kwenye kaya zilizofyekwa, kwa maana historia ya misitu ya Kwale iliyojengwa juu ya kaya zilizosalia peke yake ni historia yenye upendeleo.