Mifupa ya Mtwapa na asili ya Waswahili

Ubishi huu ni wa zamani. Tarehe ya Kilwa yasimulia kuhusu wageni wa Shirazi. Wanaisimu nasi tukashikilia kwamba Kiswahili ni Kibantu, basi na wenyewe ni Waafrika. Mwaka 2023 jarida la Nature likachapisha uchunguzi wa DNA ya watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani kama Mtwapa, Manda na Kilwa.

Joto letu huiharibu DNA mno, hubakia vipande vifupi tu. Sasa utajuaje kipande ni cha marehemu, si cha mchimbaji aliyeushika mfupa? Kwa kovu lake: kwenye ncha za DNA kuukuu, herufi C huchakaa ikasomeka T.

Matokeo? Mitokondria, ambayo mtu hurithi kwa mama, ilikuwa ya Kiafrika karibu yote. Kromosomu Y, ya baba, kwa wengi ilielekea Uajemi. Mchanganyiko huo ulianza kufikia mwaka 1000 hivi. Kumbe Tarehe ya Kilwa haikuzua. Ila iliwataja akina baba, ikawasahau akina mama. Na watoto, nadhani, walishika lugha ya aliyewalea. Hilo lakini mfupa hausemi. Latakiwa kutafutwa katika sarufi.