Kunasa au kuachia: pedeli zilivyotoka Paris hadi Makindye

Njia za udongo zinazopanda kilima cha Makindye, kusini mwa Kampala, hutumbukia makorongo na kuteleza mvua inaponyesha. Mwenye baiskeli ya milimani anayepita huko hukutana na swali la zamani: kiatu kinaswe kwenye pedeli, au mguu ubaki huru?

Pedeli zilipata umaarufu Paris katika miaka ya 1860, kwenye karakana ya Pierre Michaux. Kabla ya karne ile kwisha, washindani wa mbio za baiskeli walikuwa wameanza kufunga miguu kwa vikuku vya chuma na mikanda ya ngozi ili isichomoke. Aliyetaka kushuka alilazimika kwanza kuinama na kulegeza mkanda.

Suluhisho lilitoka kwenye theluji. Kampuni ya Look ya Ufaransa, watengenezaji wa vifaa vya kufungia viatu vya ski, ilitoa mwaka 1984 pedeli inayonasa soli na kuiachia kisigino kinapozungushwa kwenda nje. Mwaka uliofuata Bernard Hinault aliitumia akashinda Tour de France kwa mara ya tano.

Kwenye matope, hata hivyo, viatu vile havikufaa, kwani kipande cha kunasia kilitokeza chini ya soli na kumfanya mtu atembee kwa shida. Mwaka 1990 Shimano wa Japani walikuja na SPD: kipande kidogo cha chuma kilichozama ndani ya soli. Sasa mtu aliweza kushuka, akasukuma baiskeli, akapanda tena. Washindani wa baiskeli za milimani waliipokea haraka.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa na mahitaji yake. Boda boda za baiskeli zilizoanzia mpakani Busia katika miaka ya 1960, na baiskeli zinazobeba matoke hadi leo, hutumia pedeli bapa, zisizonasa kiatu. Mwenye mkungu nyuma hushuka kwenye baiskeli na kuisukuma anapopanda mlima. Mguu ulionaswa ungemwangusha pamoja na mzigo.

Wala pedeli bapa si za wachukuzi tu. Sam Hill wa Australia alitwaa ubingwa wa dunia wa kuteremka milima mwaka 2006, 2007 na 2010 akiwa nazo, kisha akashinda msururu wa dunia wa enduro, mbio za milimani zinazopimwa muda kwenye miteremko, mara tatu mfululizo, 2017 hadi 2019. Lakini kwenye mbio ndefu za kupanda na kushuka, kama zile za Olimpiki ya London 2012 alizoshiriki Adrien Niyonshuti wa Rwanda, pedeli za kunasa ndizo zinazotawala, kwa kuwa mguu hautoki hata njia ikirusha baiskeli.

Ukiwa unaanza Makindye, ambako pikipiki huchomoza ghafla kwenye kona, anza na pedeli bapa zenye pini na viatu vya soli ngumu. Ukiingia mashindanoni, nunua za kunasa, legeza springi zake, na ujifunze kujinasua kwenye nyasi kabla ya kuteremka barabarani.