Gome la Mtufaha Lililozaa Kinga ya Moyo na Figo

Mwaka 1835, wanakemia wa Ulaya walipata kwenye gome la mzizi wa mtufaha kitu kichungu walichokiita florizini. Kwa uchungu wake, wengi walidhani kingetibu homa. Mwaka 1886, daktari Mjerumani Joseph von Mering akabaini jambo jingine: florizini humfanya mtu akojoe sukari.

Kila siku figo zenye afya huchuja takriban gramu 180 za sukari, kisha huirudisha karibu yote kwenye damu. Florizini huzuia urejeshaji huo. Lakini sukari kwenye mkojo ilijulikana kama dalili ya ugonjwa, na kwa takriban miaka mia moja florizini ikabaki kifaa cha watafiti. Mwaka 1987 ndipo watafiti nchini Marekani walipoonyesha kwamba ilishusha sukari ya panya wenye kisukari. Kwa kuwa huvunjwavunjwa tumboni, haikufaa kuwa kidonge, hivyo wanakemia wakaunda dawa zinazofanana nayo: dapagliflozini iliidhinishwa Ulaya mwaka 2012, kanagliflozini Marekani mwaka 2013, na empagliflozini mwaka 2014.

Wakati huo madaktari walikuwa na hofu. Mwaka 2007, rosiglitazoni, dawa iliyotumiwa sana kushusha sukari, ilihusishwa na mshtuko wa moyo. Mwaka uliofuata mamlaka ya dawa ya Marekani ikataka kila dawa mpya ya kisukari ithibitishwe kuwa haidhuru moyo.

Sharti hilo ndilo lililofichua hazina. Septemba 2015, mjini Stockholm, yalitangazwa matokeo ya utafiti wa empagliflozini kwa wagonjwa 7,020 wa kisukari wenye maradhi ya moyo na mishipa. Vifo vya maradhi hayo vilikuwa pungufu kwa asilimia 38 kuliko kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa. Mwaka 2019, kanagliflozini ilionekana kupunguza kasi ya kuharibika kwa figo, nayo dapagliflozini ikawasaidia wagonjwa wa moyo hata wasio na kisukari. Sababu mojawapo ni kwamba dawa hizi hupunguza shinikizo ndani ya vichujio vya figo, na kumwondolea mgonjwa chumvi na maji yaliyozidi.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha ya dawa muhimu. Orodha pekee haimponyi mtu. Serikali na bima za afya zinapaswa kuhakikisha dawa hizi zinafika kwa mgonjwa wa kawaida kwa bei anayoimudu.

Nawe msomaji mwenye kisukari, usiridhike na kipimo cha sukari peke yake. Omba mkojo wako upimwe protini na damu ipimwe utendaji wa figo, kisha muulize daktari kama dawa hizi zinakufaa. Usizinunue kiholela, kwani zina madhara yake, na si kila mgonjwa anapaswa kuzitumia.